Mfupa Usiokuwamo Moyoni

Nyinyi mnaoanza kazi ya uuguzi sasa, nianze kwa kuwauliza: moyo wa binadamu una milango mingapi? Hesabu. Haya, hesabu tena. Kama mara ya pili umepata jibu lilelile, kaa karibu nami, tutaelewana. Kama hukuhesabu mara ya pili kwa sababu ya kwanza ulikuwa na uhakika, sogea karibu zaidi, maana habari hii ni yako.

Mimi ni Nesi Somoe. Nimezaliwa Ruaruke, nimefanya uuguzi miaka thelathini na minne. Siku ya kuagwa nilitangaza thelathini na mitatu. Nikarudi nyumbani, nikavua viatu, nikahesabu upya. Mingi ya miaka hiyo ilikuwa Kibiti, mingine huko chini kwenye visiwa vya delta. Kumi na miwili ya mwisho niliwapokea wanafunzi waliokuja kituoni kwetu kujifunza kwa vitendo. Wanakuja na daftari safi na picha ya moyo, nusu nyekundu nusu buluu, imenyooka kama ramani ya kiwanja. Ukimuuliza mmoja mshipa unaoulisha moyo uko wapi, anakuonyesha kwenye picha bila kusita. Mpe moyo wenyewe mkononi: anaugeuzageuza kama amepewa kiatu cha mtu mwingine, hajui mbele wala nyuma.

Ndiyo maana nikaanza kununua mioyo.

Kununua moyo sokoni Kibiti si kazi ya mtu mpole. Wateja wengine wanataka nyama; mimi nilitaka takataka. Mchinjaji akitoa moyo kifuani mwa ng'ombe, kitu cha kwanza anakata yale mabomba ya juu, maana mteja akiyaona kwenye mizani atasema anauziwa mpira. Halafu anakwangua mafuta ya nje, yana mteja wake. Sasa nisikilizeni vizuri. Mishipa inayoulisha moyo inaanzia kwenye bomba lile kubwa kabisa, hapo chini linapoota, na inapita ndani ya mafuta yaleyale. Kwa hiyo kila asubuhi paka walikuwa wanatupiwa mlango wa chakula cha moyo, na barabara zake zinakwenda kukaangwa. Mimi nauziwa kinachobaki, naambiwa huu ndio moyo.

Mchinjaji wangu alikuwa Sefu. Bucha lake lilikuwa karibu na stendi, na yeye mwenyewe alikuwa na mwili wa kabati. Mfupa wa paja la ng'ombe aliukata kwa mapigo matatu ya shoka. Najua ni matatu kwa sababu nilikuwa nayahesabu kila nikienda, na kwa miaka mingi hayakuzidi.

Siku ya kwanza nilimwambia, "Sefu, nataka moyo wenye mabomba yake na mafuta yake, usiguse kitu."

"Mabomba ya nini, nesi? Unajenga choo?"

"Nafundisha."

"Elfu kumi na tano."

"Huo ni moyo wa ng'ombe au wa mwenye ng'ombe?"

Wateja wakacheka, naye akacheka, kisha tukaanza kazi. Nikasema saba. Akasema kwa saba ananiuzia mapigo, nyama inabaki dukani. Nikaondoka hatua sita, si saba, maana ya saba inakuvusha mlango na huwezi kurudi kwa heshima. Akaniita. Tukamalizana kwa elfu tisa na kipande cha pafu juu yake, wanafunzi wakaone hewa inavyoingia.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Yeye kumi na tano, mimi saba, tunakutana njiani. Miaka kumi na miwili sikuwahi kumlipa Sefu bei ya kwanza. Sikuwahi kumlipa mtu yeyote bei ya kwanza. Hata sanda ya mama yangu niliipunguzia bei, na marehemu angeniunga mkono. Shikeni jambo hilo, nitalirudia.

Tatizo la pili lilikuwa mkaguzi wa nyama. Yeye ana haki ya kuupasua moyo kutafuta minyoo, na usimlaumu, anakulinda wewe. Lakini alikuwa anaukata kama papai. Tukakaa naye, tukakubaliana: moyo wa nesi apitishe kisu kama sheria inavyotaka, ila akate mahali nitakapoweza kushona. Nikawa nashona kwa uzi wa kidonda kabla ya somo, na wanafunzi wakapata somo la kushona humohumo. Mnyama ambaye moyo wake unafanana zaidi na wetu anajulikana, lakini hachinjwi sokoni kwetu. Mwalimu mmoja wa kutoka bara aliwahi kunong'ona kwamba anaweza kuniletea wa kitimoto kwenye ndoo yenye mfuniko. Nikamwambia asante mwalimu, nina majirani.

Sasa somo lenyewe. Jamani, hata leo nikilisimulia mikono inaniwasha.

Unaweka moyo kwenye sinia, ncha inakuelekea wewe. Unauliza: huyu anasukuma damu mwilini mchana na usiku, damu imejaa vyumbani mwake, je, yeye anakula wapi? Wote watasema anakula humohumo ndani. Hapana. Mmekwenda kwenye shughuli, mmemwona mpishi mkuu wa pilau? Sufuria iko mbele yake, anapakulia watu mia tatu, lakini yeye hali kwa kuinamia sufuria. Ana sahani yake, inapitishwa pembeni, na tena inatolewa mwanzo kabisa kabla wageni hawajanawa. Moyo ndivyo ulivyo. Damu ikitoka tu kwenye chumba cha kushoto na kuingia mshipa mkuu, hata hatua mbili haijakwenda, kuna vitundu viwili ukutani, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia. Hiyo ndiyo sahani ya mpishi. Ubongo unangoja, figo zinangoja, moyo umeshapakuliwa.

Na kuna ajabu kubwa zaidi. Moyo ukijikaza, unaibana mishipa yake yenyewe, hasa ya ule ukuta mnene wa kushoto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mlo wake unaupata pale unapolegea, kati ya pigo na pigo. Unakula wakati wa kupumzika. Nilipoelewa hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa kwenye foleni ya maji, nikacheka peke yangu mpaka mama wa nyuma yangu akaniuliza kama nimeokota hela.

Kwa hiyo unapasua mshipa mkuu, unatafuta kile kitundu cha kushoto kwa ncha ya kalamu. Kutoka hapo mshipa unagawanyika njia mbili: moja inashuka mbele mpaka karibu na ncha, nyingine inauzunguka moyo kwenda nyuma. Kabla ya yote mimi nilikuwa nafunga uzi kwenye ile ya mbele, katikati ya safari. Halafu nachukua bomba la sindano lenye maji ya rozela, mekundu kweli, nalichomeka kwenye kitundu, nasukuma polepole. Unaona wekundu unakimbia chini ya mafuta, unatawanyika matawi kwa matawi mpaka vijishipa vyembamba kama nywele, nyama yote inachangamka rangi. Isipokuwa chini ya uzi. Chini ya uzi imebaki vilevile, imefifia, mpaka kwenye ncha.

Kisha nakata uzi, nasukuma tena, na ile sehemu iliyofifia inaiva wekundu mbele ya macho yao. Kila kundi, hapo mtu mmoja atasema "aaah" bila kujijua. Nimeirudia nisijue mara ngapi, na ndilo jambo pekee maishani mwangu ambalo sikulihesabu.

Sefu alisikia habari hizo, siku moja akaja kuangalia nyama yake inafanywa nini. Akasimama dirishani na aproni yake ya damu, wagonjwa wakampisha wakidhani ni daktari wa upasuaji. Aliangalia mpaka mwisho. Uzi ulipokatwa akavuta pumzi.

"Kumbe nyama haina kosa," akasema. "Imenyimwa tu."

Sijawahi kuisema vizuri kuliko yeye, na mimi nina cheti.

Niwape na aibu zangu, maana mzee anayesimulia ushindi tu anakuuzia kitu. Mwanzoni mwa kazi nilikuwa nasafiri na boti ya kliniki kwenye visiwa vya delta. Siku moja maji yanakupwa na tunaharakisha, tukampandisha bibi mmoja wa Salale aliyekuwa na homa. Nikampima mapigo palepale kwenye boti, huku mashine inanguruma. Nikahesabu sekunde kumi na tano, nikazidisha kwa nne kama mtu mwenye haraka, nikapata namba ya kumuua ngamia. Nikaitangaza kwa sauti. Bibi akanitazama kwa huruma.

"Mjukuu wangu," akasema, "zima mashine kwanza. Hayo si yangu, ni ya boti."

Tangu siku ile nahesabu dakika nzima, mahali palipotulia, na nahesabu mara mbili. Sekunde kumi na tano zitakupa wastani. Pigo lililorukwa hulioni. Na pigo lililorukwa ndilo lenye habari.

Aibu ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Siku hiyo nimefika bucha mapema, Sefu ananingojea ametabasamu kama mtu mwenye siri. "Nesi, wewe uliyesoma. Unajua moyo una mfupa?"

"Usinichezee asubuhi."

Akachukua moyo wa dume kubwa, akapasua pale unapoota mshipa mkuu, akachokoa kwa ncha ya kisu, akatoa. Mfupa kweli. Bapa, umepinda, kama kipande cha gamba la chaza. Akauweka kiganjani mwangu. "Asiyeujua huu hajachinja," akasema.

Furaha niliyopata sitaki kuwaficha. Niligusa, niligonga kwa ukucha, ukalia. Nikautazama nikaona akili ilivyo: milango minne ya moyo inafunguka na kufunga maisha yote, lazima iwe na fremu. Fremu ni hii. Nikamwambia Sefu mbele ya wateja, kwa sauti ya mtu wa serikali, "Ni kweli kabisa. Hata sisi binadamu tunao." Akajaa kifua kama kafaulu mtihani. Nikaenda nikafundisha, makundi mawili, wanafunzi ishirini na watatu.

Wakati huo tulikuwa na Daktari Sanga, mtu wa Iringa, mpole, anaongea kama anayehofia kumwamsha mtoto. Alikuwa anasahihisha mitihani yao. Akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Nesi Somoe, nani amewafundisha hawa kwamba moyo wa mtu una mfupa?"

"Mimi."

"Na wewe amekufundisha nani?"

"Mchinjaji."

"Mchinjaji hajakosea," akasema. "Yeye hachinji watu."

Ndivyo ilivyo. Ng'ombe anao. Sisi pale tuna pete ngumu za nyuzi zinazoshika milango, imara lakini si mfupa. Nilikuwa nimehesabu mara mbili, lakini mara zote mbili kwa ng'ombe. Nikachukua orodha, nikawatafuta wanafunzi wote ishirini na watatu, wengine kwa simu, wengine kwa kuwafuata walipopangiwa. Nikamwambia kila mmoja: nilikosea, futa. Nilipomaliza nikahesabu tena majina. Ishirini na watatu. Nikalala usingizi mzuri.

Alikuwepo wa ishirini na nne. Hakuwa kwenye orodha kwa sababu hakuwahi kukaa darasani.

Ikapita miaka miwili. Mwaka wangu wa mwisho kazini, Ijumaa asubuhi, nimekwenda kununua moyo. Ijumaa bucha linajaa, kila mtu anawahi apike kabla ya sala. Foleni watu tisa. Sefu ana paja gogoni, anapiga shoka. Moja. Mbili. Tatu. Mfupa haukukatika. Nne. Akasimama, akaegemea gogo. Tano. Akafuta uso. Sita, saba.

Nikadhani nimekosea. Likaja paja la pili, nikahesabu tena. Nane.

Nikapita foleni, watu wakaguna. Shati lake lilikuwa limelowa, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya ubaridi, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Uso umepauka, na midomo imekauka. Ananuka karafuu.

"Sefu, vipi?"

"Salama tu, nesi. Huu mfupa wetu unanisumbua."

"Mfupa gani?"

Akagonga katikati ya kifua, si kwa kidole, kwa ngumi nzima iliyofumbwa. "Huu wa moyo. Umeingiwa na baridi. Wiki ya pili sasa. Nikibeba nusu ya ng'ombe unabana, unapanda mpaka taya, unashuka mkono huu. Nikikaa unaachia. Mke wangu ananichua mafuta ya nyonyo na karafuu kila siku. Ila leo tangu alfajiri haujaachia."

Wanangu, nimepokea habari mbaya nyingi, nyingine nimezipeleka mwenyewe kwa watu. Hakuna iliyofanana na ile. Wiki mbili nzima mtu anachuliwa mfupa ambao hana, kwa sababu nesi mwenye sare alimwambia anao. Angekuwa hajui kitu kuhusu moyo angeogopa mapema, angekuja kituoni. Mimi ndiye niliyempa sababu ya kutoogopa.

"Nipe mkono," nikamwambia.

"Nesi, watu wanangoja."

"Nipe mkono, Sefu."

Nikahesabu dakika nzima, wateja wakanung'unika dakika nzima. Mkono baridi, umelowa. Mapigo yanakimbia, yanaruka moja, yanarudi, yanaruka mawili. Nikaanza kuhesabu mara ya pili, nikaacha katikati. Mara moja katika maisha nimeacha, ndiyo hiyo.

"Twende kituoni. Sasa hivi."

"Nimalize ng'ombe."

"Hapana."

"Basi nimalize paja hili."

"Sefu, ule mfupa haupo. Nilikosea. Ng'ombe anao, mtu hana. Hapo hapaumi mfupa, unaumia moyo wenyewe. Unakumbuka uzi?"

Akanitazama kama mtu anayepunguziwa bei kwa ujanja. "Miaka miwili unao, leo Ijumaa watu wamejaa ndiyo hauna?"

"Nilipaswa kukwambia. Sikukwambia."

"Haya, umeniambia. Nikimaliza saa sita nitakuja." Akanyanyua shoka.

Nikawaza haraka. Nimwambie atakufa? Mchinjaji kifo ni kazi yake ya asubuhi, hakimtishi. Nilie? Hajawahi kuniamini nikilia. Nilishamlilia mara nyingi kuhusu bei. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyatumia kwenye gogo lile miaka kumi na miwili, hapakubaki neno moja lenye uzito. Kulikuwa na moyo umening'inia kwenye ndoano, mzima, na mabomba yake. Alikuwa ameniwekea.

"Ule bei gani?" nikamuuliza.

"Nesi, hata leo?"

"Bei gani?"

"Kumi na tano," akasema kwa mazoea, huku anatafuta pumzi.

Nikafungua pochi. Nikatoa elfu kumi, nikatoa elfu tano, nikaziweka juu ya gogo, kwenye damu.

Sefu akazitazama zile noti. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye noti. Shoka likashuka taratibu mpaka likalala.

"Hupunguzi?" akauliza.

"Sipunguzi."

Mama mmoja wa kwenye foleni, mwenye kikapu, aliyekuwa akinung'unika kuliko wote, akashika mdomo. "Jamani, Nesi Somoe kalipa bei ya kwanza," akasema. "Sefu baba, nenda. Nenda, hali yako mbaya."

Akaanza kuvua aproni. Mafundo yakamshinda, nikamfungulia mimi. Alitaka kutembea, kituo si mbali. Nikamkatalia hata hatua moja, nikasimamisha bajaji, nikampandisha, nikakaa naye. Njia nzima hakuongea ila mara moja.

"Ni wa mbele?" akauliza. "Ule wenye uzi?"

"Sijui. Nyamaza, usiuchoshe moyo. Ukituliza mwili nao unapata nafasi ya kula."

Kituoni Daktari Sanga alikuwepo, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anapaza sauti. Akamuuliza Sefu maswali yake, kama ana vidonda vya tumbo, kama kuna dawa inamdhuru, kisha akampa aspirini aitafune, si kuimeza nzima, aitafune. Tukamfunga nyaya za kipimo cha umeme wa moyo. Karatasi ikatoka, mistari imeinuka pale isipotakiwa kuinuka. Daktari akasema huyu ni wa Dar. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Ikwiriri. Tukaliita, likaja, tukaondoka naye kwenda Dar es Salaam. Mkewe, tuliyemwita, mbele, mimi nyuma nimemshika kifundo cha mkono. Kibiti hadi Dar nimeipita mara nyingi sana, sijawahi kuiona ndefu vile. Nilihesabu mapigo yake njia nzima. Pakiwa na matuta nahesabu kwa shingo, pakiwa shwari nahesabu kwa mkono. Mara mbili yalinipotea nikadhani basi. Mara mbili nikayapata.

Zamani, enzi za pantoni pale Ndundu, kabla ya daraja, mtu wa ng'ambo ya mto akishikwa namna hii alikuwa anangoja foleni ya malori. Wazee wetu walikuwa wanasema kafa kwa ghafla. Hakufa kwa ghafla, alikuwa anakufa kwa wiki mbili, hakuna aliyehesabu.

Huko Dar wakampokea, milango ikafungwa, tukakaa kwenye benchi mimi na mkewe. Nikamweleza habari ya mfupa, yote, sikuficha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mafuta ya nyonyo chupa mbili," akasema. Kisha akanishika mkono, tukangoja.

Siku ya pili, nimesharudi Kibiti, Sefu mwenyewe akanipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka mwezini. "Nesi, hujui waliyonifanyia. Mimi ili niufikie moyo napasua kifua chote, navunja mbavu. Wao wamepita hapa, kwenye kifundo cha mkono. Wameingiza waya kama uzi wa uvuvi, umekwenda mpaka kwenye kile kitundu chako, na mimi niko macho, naangalia kwenye televisheni. Wakamwaga dawa, nikaona barabara inakwenda, inakwenda, inakatika. Palepale ulipofungaga uzi."

"Halafu?"

"Halafu wakaingiza kitu kama wavu mdogo, wakautanua, damu ikapita. Nesi, nimesema aaah."

Hapo na mimi nikasema.

"Na mfupa," akaongeza, "nimeutafuta kwenye televisheni. Haupo."

Basi wanangu, ya kazi ndiyo hayo. Maumivu ya moyo si lazima yawe kushoto, si lazima yawe kuchoma. Mengi ni kubana, mtu atakuonyesha kwa ngumi, na yatapanda taya au kushuka mkono. Mwanamke anaweza kukwambia kachoka tu na kichefuchefu. Mwenye sukari anaweza asiumwe kabisa. Maumivu yanayokuja kwa kazi na kuondoka kwa kupumzika, hayo yanagonga hodi. Yakikataa kuondoka yameshaingia. Usimwache mtu atembee. Na ukikosea kufundisha, usisahihishe darasani tu. Tafuta nani mwingine alikuwa anasikiliza dirishani. Mimi nilipata bahati ya kumwahi. Sehemu ya nyama ya moyo wake ilishakufa wakati tunabishana, na hiyo hairudi; makovu hayapigi. Sehemu hiyo nimeibeba mimi.

Miezi mitatu baadaye, nimeshastaafu, nikapita bucha. Shoka alilishika mdogo wake, mapigo matano, anajifunza. Sefu alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni ya mizani, amepungua mwili, kabati limekuwa meza. Juu ya rafu ameweka ule mfupa wa ng'ombe, ameuosha, anawaonyesha wateja: huu anao ng'ombe, wewe huna, ukiumwa hapa nenda hospitali. Amewapeleka watu wawili kituoni kwa somo hilo. Nilimuuliza Daktari Sanga, akathibitisha wawili.

Tulisalimiana kidogo. Alikuwa ananichungulia usoni, nikaona kuna jambo anaogopa kuniuliza, jambo ambalo hata Dar hakuwa na uhakika wamemjibu kweli. Moyo mmoja ulikuwa kwenye ndoano, mzima, na mabomba yake.

"Unafundisha bado, nesi?"

"Majirani. Wanakuja barazani. Bei gani huo?"

"Elfu kumi na tano."

Nikauangalia moyo, nikaugeuza upande wa pili, nikaugeuza tena. "Kumi na tano? Kwa huu? Sefu, umeibiwa Dar na wewe unataka kuniibia mimi. Sita."

Akajiegemeza kwenye kiti, akafumba macho, na bega moja baada ya jingine likashuka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Kumbe nimepona."